Dawa ya soriasisi inanitesa kuliko soriasisi yenyewe, niache?

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo: "Habari mfamasia. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina soriasisi tangu nikiwa chuo, viwiko, magoti, mgongo na kichwani. Krimu zilinichosha, daktari wa ngozi akanianzishia methotreksati miligramu 15 mara moja kwa wiki, sasa ni wiki ya sita. Kila nikinywa kesho yake ni kichefuchefu kutwa, mwili umeisha, kazini naenda kama mgonjwa. Nywele zinatoka kwenye kitana. Rafiki yangu kaniambia hiyo ni dawa ya kansa. Foliki nilipewa nikaiacha maana nilisoma inaua nguvu ya dawa. Wiki iliyopita nilikuwa na UTI nikameza Septrin, na sasa nina vidonda mdomoni. Magamba bado yapo. Je niache kabisa, au niwe nakunywa nusu dozi? Na ile krimu kali niliyobakiza naweza kupaka usoni kwa sasa?"

Dada, pole sana. Naanza na mwisho wa swali lako, maana pale ulipoitaja Septrin harakaharaka ukapita ndipo penye uzito kuliko kichefuchefu, nywele na uchovu ukivijumlisha vyote. Hilo ni la leo, si la kusubiri tarehe ya kliniki. Ukimaliza kusoma aya mbili zinazofuata simama kwanza uende kituo cha afya, mengine utayakuta hapahapa ukirudi.

Iko hivi. Methotreksati inafanya kazi kwa kuibana njia ambayo mwili unatumia kuitengeneza folati, vitamini ileile iliyomo kwenye vidonge vyako vya foliki, iwe tayari kwa matumizi, na seli zinazozaliana kwa kasi haziendi bila folati. Septrin ina dawa mbili ndani yake, trimethoprimu na sulfamethoksazoli, na trimethoprimu inabana njia ileile. Juu ya hapo Septrin inafanya figo zichelewe kuitoa methotreksati mwilini, kwa hiyo miligramu 15 zako zinaanza kufanya kazi ya miligramu nyingi zaidi. Halafu wewe foliki ulishaiacha, yaani na ile akiba kidogo iliyokuwa inakukinga haipo. Sehemu zinazoumia kwanza ni zile zinazojijenga upya kila siku, utando wa mdomo na tumbo, na uboho wa mifupa ambako damu inatengenezwa. Vidonda vya mdomoni vinaweza kuwa kero ya kawaida ya hii dawa, kweli kabisa, ila vikija baada ya Septrin hakuna mtu anayejua kazi yake atakuambia ukae nyumbani usukutue na maji ya chumvi usubiri.

Kwa hiyo Septrin usiongeze hata kidonge, dozi ya methotreksati ya wiki hii usiinywe kwanza mpaka damu ipimwe, na leo hiihii nenda kituo chenye maabara. Ukifika usianze na historia ndefu, sema tu: natumia methotreksati ya soriasisi, nimekunywa Septrin, nina vidonda mdomoni, naomba picha kamili ya damu, figo na ini. Nenda na maboksi ya dawa zote. Kama una homa, koo linauma, unatoka michubuko usiyojua imetoka wapi, fizi zinavuja damu au unaharisha sana, basi usipange foleni ya kawaida, nenda mapokezi ya dharura. Ikionekana chembe za damu zimeshuka kuna dawa ya kuokoa inaitwa foliniki asidi, ambayo si sawa na foliki yako ya vidonge, inaingia moja kwa moja bila kupita ile njia iliyobanwa, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Ndio maana nasema leo. Na hiyo UTI mwambie daktari akuchagulie antibayotiki nyingine, zipo nyingi zisizogombana na dawa yako. Kuanzia sasa mtu yeyote anayekuandikia au kukuuzia dawa, hata ya mafua, neno la kwanza kinywani mwako liwe methotreksati, maana huyu wa Septrin nina hakika hakukuuliza na wewe hukumwambia.

Haya, mengine yote nayasema nikichukulia damu yako imetoka salama na daktari amekuruhusu kuendelea.

Rafiki yako hajadanganya, methotreksati inatumika pia kwenye kansa, ila alichoacha kukuambia ni kipimo. Kwenye baadhi ya kansa mgonjwa anaweza kupewa gramu nzima au zaidi kwa mpigo mmoja, hospitalini, na mpango wa kumuokoa ukiwa tayari umeandaliwa. Wewe unapewa miligramu 15 kwa wiki. Mwaka 1951 madaktari Marekani walikuwa wanajaribu ndugu yake wa kwanza, aminopterini, kwa wagonjwa wa baridi yabisi, wakashangaa kuona wenye soriasisi mabaka yanasafika, na kuanzia hapo familia hii ya dawa ikahamia kwenye ngozi mpaka leo. Yaani huu si ujanja mpya wa kukujaribishia wewe, ni moja ya dawa za ngozi ambazo tunazijua ndani nje, na kuzijua huko ni pamoja na kujua ubaya wake unajificha wapi. Kwa dozi yako inachofanya zaidi ni kutuliza kinga ya mwili iliyochachamaa. Ngozi ya kawaida inajifanya upya kwa muda wa kama mwezi, ya soriasisi inakimbizwa inafanya hivyo kwa siku chache, ndio yale magamba. Ukituliza kinga, ngozi nayo inapunguza mbio.

Sasa foliki. Hapa naomba unisikilize vizuri maana naona hili ndilo limekuponza kwa hizi wiki zote, na si wewe peke yako, nshaona wengi wanaiacha kwa sababu hiyohiyo. Hoja ya kwenye mtandao inaonekana ina akili: kama dawa inazuia folati, na mimi nameza folati, si naifuta dawa? Kwa dozi ndogo za ngozi haiendi hivyo. Faida ya dawa kwenye soriasisi haitegemei kukausha folati yako mwili mzima, ila kero nyingi, kichefuchefu, vidonda vya mdomo, vimeng'enya vya ini kupanda, zinatokana na huko kukauka. Foliki inapunguza kero bila kuigusa faida, au ikiigusa ni kidogo sana kiasi kwamba daktari anaweza kuifidia kwenye dozi. Namna ya kuinywa inatofautiana, wengine wanapewa miligramu 5 mara moja kwa wiki siku tofauti na ya methotreksati, wengine miligramu 1 kila siku isipokuwa siku ya dawa, wengine zaidi ya hapo kama kichefuchefu kimekaza. Fuata ulichoandikiwa wewe, na kama ulichoandikiwa hakitoshi hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuomba iongezwe, ni rahisi, ni salama, na mara nyingi inatosha peke yake. Kwa maneno mengine wewe bado hujaijaribu hii tiba jinsi inavyotakiwa, umejaribu nusu yake yenye makali ukaacha nusu ya kutuliza.

Angalizo dogo hapo. Vidonge vya methotreksati na vya foliki kwa kampuni nyingi ni vidogo, vya njano, vinafanana mno. Usiviweke kwenye kopo moja, usivitoe kwenye pakiti zake, na usivinywe gizani. Kosa baya kuliko yote kwenye hii dawa ni mtu kuinywa kila siku badala ya kila wiki, watu wamekufa kwa hilo, sehemu mbalimbali duniani, na mara nyingi walikuwa ni watu makini tu waliochanganya au karatasi ilisomwa vibaya. Andika jina la siku kwa kalamu nene juu ya boksi. Halafu angalia kidonge kimoja ni miligramu ngapi. Kuna vya 2.5 na kuna vya 10. Miligramu 15 kwa vile vya 2.5 ni vidonge sita, umezoea sita, sasa siku duka likikupa vya 10 na wewe ukanywa sita kwa mazoea hapo umekunywa 60. Kila ukichukua dawa mpya soma namba, usitegemee macho yako kukumbuka rangi. Ukisahau siku yako, ndani ya siku mbili unaweza kuinywa, zikipita siku mbili ruka usubiri wiki ijayo, na kamwe usinywe dozi mbili kufidia.

Kichefuchefu. Hiki ndicho kinawafanya wengi waitupe dawa kimyakimya, na kwa kweli kinachosha, maana si ugonjwa wa kuonekana, watu wanakuona mzima na wewe kutwa nzima unameza mate. Ila kina mlolongo wa hatua, na wengi wanaoacha hawajaenda hata hatua ya pili. Foliki tumeshaisema. Baada ya hapo badilisha saa: inywe usiku, ukishakula chakula cha kutosha, muda mfupi kabla ya kulala, ili ile kilele ya kichefuchefu ikupite ukiwa umelala. Badilisha na siku pia, hakuna sheria inayosema lazima iwe siku uliyoanza nayo, chagua usiku wa kuamkia siku yako ya mapumziko, ila ukihamisha muulize aliyekuandikia namna ya kuhama ili dozi mbili zisije zikakaribiana. Kesho yake kula kidogokidogo mara nyingi kuliko kukaa na tumbo tupu, na maji usiyaache, kwa sababu dawa hii inatoka kwa figo na figo zinataka maji.

Hayo yakishindwa, kuna kugawa dozi. Sio kugawa kwako kwa kunywa nusu, namaanisha dozi ileile ya wiki inavunjwa vipande viwili au vitatu vinavyonywewa kwa kupishana saa 12, mfano 5 jioni, 5 asubuhi, 5 jioni, halafu basi mpaka wiki ijayo. Ni mpango wa zamani kwenye soriasisi na matumbo mengine yanaupenda sana. Ila lazima daktari auandike, maana mtu akichanganya hapo anaweza kujikuta anaendelea kunywa kila baada ya saa 12 wiki nzima, na hilo tumeshalisema linaishia wapi. Kuna pia dawa ya kuzuia kutapika, unakunywa kabla ya dozi au kesho yake. Na kuna sindano, yaani methotreksati hiyohiyo ikichomwa chini ya ngozi, sindano ndogo, unafundishwa unajichoma mwenyewe nyumbani mara moja kwa wiki. Haipiti tumboni, wengi kichefuchefu kinapungua, na kwenye dozi za juu mwili unaipata vizuri zaidi kuliko vidonge. Mi binafsi naona tunachelewa sana kuwahamishia watu kwenye sindano, tunawaacha wateseke na vidonge miezi sita kwa sababu tu hawakuuliza. Wewe uliza.

Kitu kimoja watu wanaona aibu kukisema: unafika siku unachefuka hata kabla hujameza, ukiiona tu ile rangi ya njano tumbo linageuka. Huo si uigizaji, mwili umejifunza kuihusisha dawa na kuumwa, na ukishafika hapo kubadilisha saa peke yake hakutoshi. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo, ni sababu nyingine nzuri ya kuhamia sindano au kubadilisha dawa. Na ukitapika baada ya kumeza usirudie dozi kwa kukisia, uliza kwanza.

Uchovu wa siku moja au mbili baada ya dozi unajulikana, wengi wanausimulia kama malaria ya siku moja, kichwa kizito, mwili hautaki. Mara nyingi unalegea kadiri miezi inavyoenda, na foliki na kunywa usiku vinausaidia. Ila kama uchovu umekaa wiki nzima, siku ya nne, ya tano, ya sita bado umechoka, hapo usiibebeshe methotreksati lawama zote. Angalia upungufu wa damu, ambao vipimo vyako vitauonyesha. Angalia usingizi, mtu anayejikuna usiku kucha halali hata kama amekaa kitandani kwa muda wa saa nane. Na soriasisi yenyewe ni ugonjwa wa uvimbe wa ndani, inachosha, na inaleta sonona kwa watu wengi kuliko wanavyokiri kliniki. Kama umeanza kukwepa watu, hutaki kuvaa mikono mifupi, huna hamu ya chochote, hilo nalo litaje, lina tiba yake. Na viungo vikiuma asubuhi na kukakamaa zaidi ya nusu saa pia litaje, soriasisi inaingia kwenye viungo na ukinyamaza inaviharibu.

Nywele, kwa dozi hizi zinapungua kidogo, hazitoki kwa mafungu mpaka upara, na zinarudi, ama ukiendelea na mwili ukizoea au ukiacha. Ila wewe una magamba kichwani, na magamba yakibanduliwa kwa kitana au kucha yanaondoka na nywele. Lainisha kwanza kwa mafuta usiku, osha asubuhi, acha yatoke yenyewe. Kusuka kwa kuvuta kwenye ngozi yenye mabaka pia kunaamsha mabaka mapya, ngozi ya soriasisi ikijeruhiwa inajibu kwa soriasisi.

Sasa swali lako kubwa, magamba bado yapo, niache? Wiki ya sita ni mapema. Ubaya wa hii dawa ni kwamba maudhi yanakuja wiki ya kwanza na faida inakuja mwezi wa tatu. Kwa kawaida tunaanza kuona kitu kati ya wiki ya 8 na ya 12, na hukumu ya haki inatolewa kwenye wiki ya 16 hivi, tena ukiwa kwenye dozi ya kutosha. Piga picha ya magoti na viwiko kila baada ya wiki mbili, sehemu moja, mwanga uleule, maana ukijiangalia kila siku kwenye kioo hutaona tofauti hata ikiwepo. Kitu cha kwanza kubadilika mara nyingi si ukubwa wa baka, ni unene wake na wingi wa unga unaodondoka kwenye shuka.

Kuhusu kunywa nusu kimyakimya, ntakuambia kwa nini siipendi, na si kwa sababu ya kuogopa daktari atakasirika. Daktari wako kwenye wiki ya 12 ataangalia ngozi ataona haijabadilika, kwenye faili imeandikwa 15, basi yeye anaelewa 15 imeshindwa na anapandisha 20. Wewe ulikuwa unakunywa 7.5, sasa siku ukiamua kuwa mtiifu unaruka kutoka 7.5 kwenda 20 kwa mara moja. Au anaamua dawa haikufai anakuhamisha kwenye nyingine kali zaidi wakati hii hujawahi kuipata kwa kipimo chake. Kushuka dozi kwa muda ni kitu tunachokifanya sana, tunashuka mpaka mwili utulie halafu tunapanda taratibu kwa 2.5, hakuna ubaya wowote, ubaya ni faili kusema kitu kimoja na mwili kingine. Na kama umeamua kuacha pia ni haki yako, ngozi ni yako, ila sema nimeacha, ili ajue anaanzia wapi.

Maana njia nyingine zipo. Kuna tiba ya mwanga wa UVB, inataka kwenda kliniki mara mbili tatu kwa wiki lakini haipiti kwenye ini wala tumbo. Kuna siklosporini, inafanya kazi haraka, ila inabana figo na kupandisha presha kwa hiyo haikai muda mrefu. Kuna asitretini, ambayo kwa mwanamke wa umri wako siipendekezi hata kidogo kama kuna wazo lolote la mtoto, kwa sababu baada ya kuiacha inabidi ukae miaka 3 bila kushika mimba. Na kuna za kibayolojia za sindano, nzuri sana kwenye soriasisi, ngumu kupatikana kwa wengi, na nyingi zinataka upimwe kwanza TB iliyolala. Asikutishe mtu kwamba methotreksati ikishindikana ndio mwisho.

Nimegusia mtoto, tulimalize. Methotreksati na mimba havikai pamoja kabisa, inaharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto. Miaka 34, hukuniambia kama unatumia uzazi wa mpango, kwa hiyo nauliza mimi. Kama hutumii, anza na njia ya uhakika. Hedhi ikichelewa pima kabla ya dozi inayofuata, si baada. Na kama mnapanga mtoto mwakani sema sasa, maana maelekezo ya dawa yanataka miezi 6 ipite tangu dozi ya mwisho kwa mwanamke, ni muda mrefu wa kupanga. Kunyonyesha nako hapana.

Vipimo vya damu najua vinaudhi, sindano, foleni, na kila siku vinarudi "safi". Endelea navyo. Ini linaweza kuchoka miaka bila kuuma hata siku moja, na chembe za damu zinaweza kushuka wewe ukiwa unajisikia vizuri tu. Mwanzoni ni kila wiki moja mbili, ukishatulia kwenye dozi moja inakuwa kila miezi miwili mitatu. Pombe ukiweza iache kabisa kwa kipindi hiki, kama huwezi mwambie daktari ukweli wa kiasi, atapanga vipimo kulingana na hicho kiasi badala ya kukisia. Uzito mkubwa na kisukari pia vinaliongezea ini mzigo. Dawa za miti zisizojulikana zina nini ndani, hapo mi nasema hapana moja kwa moja, si kwa kuzidharau ila ukipata tatizo la ini hatutajua nani kalisababisha. Maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki usizinywe kiholela maana zinagusa figo, uliza kwanza. Ukiharisha au kutapika mpaka ukaishiwa maji, dozi ya wiki hiyo isubiri, figo zikikauka dawa inabaki ndani. Na kikohozi kikavu kipya pamoja na kubanwa pumzi, hata kama umetumia dawa miezi mingi bila shida, hicho usikitibu kwa sharubati ya kikohozi, simamisha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo, hii dawa mara chache inavimbisha mapafu. Chanjo nyingi ni sawa, ila zile za virusi hai, kama homa ya manjano, usichome bila kuuliza.

Sasa krimu. Hukuitaja jina, ila ukisema "kali" nadhani ni klobetasoli au nduguye, yaani steroidi kali ya kupaka. Usoni hapana. Ngozi ya uso, kwapa na kinena ni nyembamba, inainyonya sana, utapata mishipa myekundu, chunusi na ngozi kuwa kama karatasi, na karibu na macho ni hatari zaidi. Kwa uso mwombe daktari steroidi hafifu kwa siku chache, au dawa isiyo steroidi kama takrolimasi. Hiyo kali tumia kwenye viwiko na magoti wakati unasubiri vidonge vifanye kazi, mara moja au mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne halafu unapumzisha, na kwa wiki usizidishe gramu 50 mwili mzima. Kipimo ni pingili ya kidole cha shahada: kamua mstari kuanzia ncha mpaka kwenye kiungo cha kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili. Mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato paka mara nyingi upendavyo, hayo hayana ukomo, na yanapunguza kuwashwa kuliko watu wanavyoyapa heshima.

Halafu kuna mtu atakuja kukushauri uchome sindano ya steroidi au unywe prednisoloni "ikauke haraka". Itakauka kweli, wiki mbili utafurahi, halafu ukiacha inaweza kurudi kwa hasira, mara nyingine na usaha mwili mzima na homa, hali ya kulazwa. Mkatalie.

Ukishapata majibu ya damu niandikie namba zilivyo, chembe nyeupe, chembe sahani, kreatinini (ya figo) na ALT (ya ini), pamoja na tarehe ya dozi yako ya mwisho na siku ulizokunywa Septrin, nikusaidie kuzisoma kabla hujarudi kwa daktari.